Tanuri Kumi na Moja

Walimwita Bi Mdomo, na jina hilo hakuwahi kulikataa. Ukimwambia ana mdomo, alikujibu kwamba na masikio anayo, shida yake ni kwamba watu hawampi cha maana cha kusikia. Alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwenye tanuri ya baba yake, akakanda udongo kwa miguu kabla hajaweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, na alipofika miaka arobaini na minne hakuna aliyeweza kusema ni mitungi mingapi imetoka mikononi mwake. Chumbani kwake alipikia chungu chenye ufa ubavuni, kwa sababu vizima vyote vilikwenda kwa wateja. Mfinyanzi hulia gaeni, na Bi Mdomo hakuwa na nafasi ya kuubishia msemo huo.

Udongo wao wote ulitoka shimo moja, nyuma ya maghala ya nafaka, chini kidogo ya barabara ya lami. Ulikuwa wa kijivu, mzito, unanata kama deni la ukoo. Haukuchimbwa na mtu mmoja. Kuta za shimo zilikuwa na tabia mbaya ya kuporomoka bila taarifa, kwa hiyo mmoja alichimba, wa pili akapandisha karai, wa tatu akasimama ukingoni kutazama ukuta na kupiga kelele ikibidi. Udongo wote ulimwagwa rundo moja, ukakandwa na miguu ya kila aliyekuwepo, ndipo wakagawana mafumba, yaani madonge. Ukimuuliza mtu udongo wake ni upi kwenye rundo lile, angekucheka.

Na ukiwauliza wako wangapi, wangekuhesabia tanuri. Mwanamume ndiye aliyejenga tanuri na ndiye aliyeiwasha. Wanawake ndio waliofinyanga karibu kila kitu kilichoingia humo. Lakini hesabu ilikuwa ya tanuri, tangu enzi za bibi zao. "Tanuri mbili zina msiba," watu walisema, au "tanuri tatu hazikuja mkutanoni," na kila mtu alielewa. Zamani zilikuwa kumi na mbili. Ya baba yake Bi Mdomo ilirithiwa na kaka yake, kaka akaenda kutafuta maisha mbali, mvua ikaimaliza. Yeye alikuwa ameshaolewa kwenye tanuri ya saba.

Ndoa hiyo aliihama mwenyewe. Siku moja mumewe alichukua fimbo akavunja mitungi arobaini mibichi iliyopangwa kukauka, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa kosa la mkewe kuzungumza na mnunuzi bila kumpitia yeye. Bi Mdomo alisimama akamwangalia mpaka wa mwisho. Kisha akakunja nguo zake na za bintiye, akapanga chumba kimoja mtaa wa pili, na hakurudi nyuma. Kuchimba hakuacha. Aliingia shimoni na wenzake kama kawaida, akachomea vyungu vyake kwenye tanuri yoyote yenye nafasi, na hakuna aliyemuuliza swali. Miaka miwili ikapita hivyo.

Ndipo kikaja kiwanda cha matofali. Kilikuja na kibali, ramani na uzio wa waya, kikasema shimo ni lake. Wafinyanzi wakaenda kwa wakili mmoja kijana, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la kutoa fotokopi, ambaye alikubali kesi kwa sababu, kama alivyosema, ilikuwa inamnyima usingizi. Wakahitaji shahidi wa kuwasemea. Mwenyekiti, kaka mkubwa wa mume wa Bi Mdomo, hakusita hata kidogo.

"Shemeji, mdomo wako umetusumbua miaka yote," alimwambia mbele ya watu. "Leo tunauomba."

Mahakamani, wakili wa kiwanda alikuwa mtu mrefu mwenye sauti tamu. Alifungua kitabu cha katiba, akasoma polepole kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali.

"Kila mtu, mheshimiwa jaji. Haisemi kila rundo la watu. Haki ni ya mtu mwenye jina, mwenye mipaka yake. Basi na atokee mtu huyo atuonyeshe mpaka wake." Akamgeukia Bi Mdomo kizimbani. "Mama, sehemu yako ya shimo ni ipi?"

"Hakuna sehemu yangu. Shimo ni letu."

"Letu, la nani hasa?"

"Mwanangu, kwenu mmezaliwa wangapi?"

Wakili akamtazama jaji. Jaji alionekana kutaka kusikia jibu. "Watano," akasema wakili.

"Basi nionyeshe sehemu yako ya mama."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Bi Mdomo hakucheka. Alieleza jinsi wanavyochimba, nani anasimama wapi, kwa nini mtu mmoja peke yake hawezi kutoa hata karai tatu akatoka salama, na kwa nini rundo halina jina la mtu. Kama haki ni ya mmoja mmoja tu, alisema, basi hapa hakuna mwenye haki hata mmoja, kwa sababu hakuna mmoja anayeweza kuitumia. Jaji aliandika sana. Mwisho akavua miwani, akauliza kwa upole:

"Ninyi nyote mko wangapi?"

"Sisi ni tanuri kumi na moja, mheshimiwa."

Jaji akaandika na hilo. Wanawake waliojaa viti vya nyuma waliitikia kwa vichwa, kwamba ndiyo, kumi na moja. Wakili wao hakushtuka. Yeye mwenyewe aliyetamka hakushtuka.

Hukumu ilitoka baada ya miezi saba. Jaji alisema katiba hailindi mtu mmoja mmoja peke yake. Ziko haki ambazo watu huzishika kwa pamoja au hawazishiki kabisa, na shimo lile ni mojawapo. Wakambeba Bi Mdomo juu juu kutoka mlangoni mpaka barabarani. Wakamwita mama wa kikundi, nguzo, simba jike. Kumbe ni kilemba cha ukoka walikuwa wanamvika, na yeye, mjanja wa siku zote, alikivaa akatembea nacho.

Wiki tatu baadaye alifika shimoni asubuhi na karai lake, akakuta geti jipya la kikundi. Mlinzi alikuwa na daftari. Alipitisha kidole juu mpaka chini.

"Humu haumo."

"Angalia vizuri. Umesoma ukurasa wa nani?"

"Kuna ukurasa mmoja tu, mama. Wanachama kumi na mmoja." Mlinzi alikuwa mtu wa adabu, alionekana kuona aibu. "Wengine wanaingia kama wategemezi. Wewe ungekuwa chini ya namba saba. Lakini namba saba amesema hana mtegemezi anayeishi nje ya nyumba yake."

Namba saba alikuwa mumewe.

Alikwenda moja kwa moja kwa wakili, akapanda ngazi na karai likiwa bado mkononi. Wakakaa na hukumu mezani wakaifungua karatasi kwa karatasi. Ilikuwa ukurasa wa thelathini na moja, mistari minne: kwamba, kwa ushahidi wa shahidi wa kwanza, kikundi hiki kina wanachama kumi na mmoja, ambao ni wenye tanuri, pamoja na wategemezi wao. Shahidi wa kwanza alikuwa yeye. Wanawake thelathini na wanne, mikono sitini na minane, na aliyewafuta wote kwa sentensi moja alikuwa yeye, amesimama wima, amevaa gauni lake zuri.

"Nilidhani ni namna yenu tu ya kusema," wakili alinong'ona.

"Ndiyo namna yetu ya kusema!" Alipiga meza hata vikombe vikaruka. "Na wewe ulisoma shule ya nini, kama huwezi kumwambia jaji kwamba tanuri haifinyangi?"

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamziba. Mdomo huponza kichwa, lakini hapa mdomo mmoja ulikuwa umeponza vichwa vya watu. Tegemezi! Mwanaume anayejua kuwasha kuni tu ndiye mwenye haki, na mwenye kufinyanga ndiye anayemtegemea!

Mkutano uliitwa Jumamosi alasiri, kwenye banda la kukaushia vyungu. Wenye tanuri walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, kama siku zote. Bi Mdomo hakukaa. Alisema kosa limefanyika, amelifanya yeye, na dawa yake ni nyepesi: kikundi kiandike kwa mahakama kwamba wanachama ni wote wanaofanya kazi ya udongo, jina kwa jina, wanawake na wanaume.

Mwenyekiti alisubiri amalize. Alikuwa na hukumu ndani ya mfuko wa plastiki, kuilinda na vumbi.

"Shemeji, hebu tusichanganye mambo. Wewe mwenyewe ulimwambia jaji, na sote tulikusikia: haki hii si ya mtu mmoja mmoja. Ni ya kikundi. Leo unakuja hapa na 'mimi, mimi, jina langu.' Hilo ndilo alilokuwa analisema yule wakili wa kiwanda. Umoja ni nguvu."

"Umoja wa nani? Nani aliwahi kumuuliza mmoja wa hawa akina mama?"

"Kila mtu yumo kupitia tanuri yake. Na wewe tanuri yako ipo." Mwenyekiti aliinua mkono kuelekea kwa mdogo wake, aliyekuwa anachezea ufunguo bila kumwangalia mtu. "Hajakufukuza. Rudi nyumbani kwako. Ukirudi leo, kesho asubuhi udongo unao. Nani amekunyima?"

Kumbe ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Bi Mdomo alilisikia likitua. Miaka miwili mume yule alikuwa ametuma wazee, ametuma shangazi, ametuma simu, na hakuna kilichomrudisha mkewe. Sasa mahakama ilikuwa imempa kamba, na aliyeisokota ni mkewe mwenyewe. Rudi kwenye fimbo, upate udongo. Hiyo ndiyo haki ya kikundi ilipofikia.

Aliwageukia wanawake. Aliwaita kwa uhusiano wao mmoja mmoja: dada, wifi, somo, shoga. Aliuliza kama kuna mmoja ambaye hajawahi kuvunjiwa, kutukanwa au kutishiwa geti. Walitazama mikeka. Kila mmoja alikuwa na tanuri ya kurudia jioni ile. Akamgeukia mama mkwe wake, mfinyanzi mkuu kuliko wote pale, mwanamke aliyemfundisha kunyanyua shingo ya mtungi bila kuutetemesha.

"Mama, na wewe umo kwenye daftari?"

Mama mkwe alikuwa mjane. Tanuri ya mumewe ilikwenda kwa kijana wake, namba saba. Alifuta viganja vyake kwenye kanga.

"Basi mkutano umeisha," akasema Mwenyekiti.

Asante ya punda ni mateke, na Bi Mdomo alitoka bandani akiyahisi kila mahali.

Jumatatu yake alipata mgeni. Mtu wa kiwanda, viatu vinang'aa, alisimama mlangoni kwake akiomba radhi kwa kuja bila taarifa. Hakukuwa na kiti cha pili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha binti.

"Sisi tulisema tangu mwanzo, mama. Haki ni za mtu. Makundi humeza watu. Tumekata rufaa. Ukifungua kesi yako kama mtu binafsi, ukasema jinsi hiki kikundi kilivyokutenda, mawakili tutakutafutia sisi. Hutahangaika na chochote."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa vizuri sana, na jambo lililomuudhi zaidi Bi Mdomo ni kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa kweli. Kundi lilikuwa limemmeza. Lakini huyu hakuwa amekuja kumtoa tumboni. Alikuwa amekuja kuchinja mnyama auze nyama.

"Mwanangu," alisema, "kabla hujanihurumia ulikuwa umeniwekea waya. Nyanyuka kwenye kitanda cha mtoto wangu."

"Fikiria tu, mama."

"Nimefikiria ukiwa umekaa. Sasa fikiria na wewe, ukiwa unakwenda."

Wakili naye alimwambia lilelile kwa upande wa pili. Akikishtaki kikundi, kiwanda kitaibeba kesi yake mpaka mahakama ya rufaa na kusema, tazameni, hakuna kundi hapa, kuna watu wanaogombana. Hukumu itaanguka na shimo litakwenda. Asipokishtaki, yeye hana udongo. Wakili alikuwa amekonda. Alisema atamwandikia jaji barua ya kuomba sahihisho, lakini inahitaji sahihi ya Mwenyekiti.

Jioni hiyo bintiye, mwenye miaka kumi na tisa na mikono mizuri kuliko ya mama yake, alimuuliza kama yeye mwenyewe ataingia kwenye daftari siku moja.

"Utaingia ukiolewa na tanuri," mama alijibu. "Ukiachika, unatoka."

"Kwa hiyo tunafanya nini? Tunawashtaki?"

Bi Mdomo alikuwa akifikiri hilo tangu Jumamosi, hata maji ya kuoga yakapoa kwenye ndoo.

"Siwashtaki. Nikiwashtaki, nimesimama nje ya kundi, namfurahisha yule wa viatu. Nitakwenda kuchimba. Wanishtaki wao. Wakinifikisha kizimbani kwa wizi, nitamwambia hakimu kwamba mtu haibi kilicho chake, na kwamba mimi ni wa kundi hilihili, kwa mikono yangu, si kwa mume. Hapo siivunji hukumu. Naisimamisha kwa miguu miwili."

"Na ukuta je, mama? Nani atakutazamia?"

"Wewe hutakuwepo. Mmoja wetu lazima abaki nje, apike."

Alikwenda saa nne asubuhi, mchana kweupe, siku ambayo kila mtu yupo. Mlinzi alimwambia hawezi kumruhusu. Akamwambia hajaombwa ruhusa, akapita pembeni ya geti, pale ambapo waya ulikuwa umelegea, akashuka. Alianza kuchimba. Jembe lilipozama kwenye udongo, mwili wake wote ulifurahi, na hilo likamwongezea hasira, kwamba wamemfikisha mahali pa kufurahi kuchimba kama mwizi.

Watu walijaa ukingoni. Mwenyekiti alifika anahema, mumewe nyuma yake, kisha wenye tanuri wengine. Wakamwambia atoke. Wakamwambia ukuta utamwangukia. Wakamwambia ana wazimu. Akajaza karai la kwanza, akalibeba mwenyewe, akapanda nalo, akalimwaga juu, akashuka tena. Karai la pili. Mama mkwe alikuwa amesukuma watu akaja mbele, amesimama mahali pa kutazamia ukuta, macho hayabanduki.

Polisi walikuja wawili na gari. Mwenye cheo alikuwa mtu mzima, amechoka na joto. Alitoa kitabu chake.

"Mlalamikaji nani?"

"Kikundi," akasema Mwenyekiti. Akatoa hukumu ndani ya mfuko wa plastiki. "Mali ni ya kikundi. Mahakama imesema."

"Nimekuelewa. Lakini kikundi hakipandi kizimbani kikaulizwa maswali. Nataka mtu. Jina, sahihi, atakuja kutoa ushahidi."

Mwenyekiti aliwaangalia wenzake. Namba mbili alikumbuka kitu mfukoni mwake. Namba tano alikuwa akitazama maghala. Watu waliosema kwa sauti moja kwenye banda kwamba hakuna 'mimi' sasa walikuwa wanamtafuta mimi mmoja, hapatikani.

"Wewe mwenyekiti, si uweke?" askari akauliza.

"Mimi ni msemaji tu. Haki yenyewe ni ya wote."

"Basi mmenitoa kituoni kufanya nini?"

Bi Mdomo alikuwa ameacha kuchimba. Alisimama chini shimoni, udongo hadi viwikoni, akiwaangalia kwa dharau ambayo hakuifichaficha. Ndipo mumewe akatoka kwenye kundi la wanaume. Alichukua kalamu ya askari, akakiegemeza kitabu kwenye boneti la gari.

"Usiandike!" Mama mkwe alipaza sauti mpaka ikakatika. "Mwanangu, nakusihi. Udongo huo nilimfundisha mimi. Ukimwandika yeye, niandike na mimi, kwa sababu mimi pia simo humo. Usiandike!"

Kalamu ilisimama hewani. Wanawake walianza kuguna, mmoja, kisha wengine, na Bi Mdomo alisikia kwamba hii ndiyo sauti aliyoitaka Jumamosi, imekuja Alhamisi. Iliuma kuliko kama isingekuja. Aliweka karai lake la tatu begani, limejaa, akaanza kupanda.

"Umechelewa, mama," alisema alipofika juu, bila ukali, maana kwa yule bibi hakuwa na ukali uliobaki. "Mwache aandike."

Kisha akamgeukia mumewe, karibu kiasi kwamba udongo ulimdondokea kwenye kiatu.

"Andika. Jina lako kamili, herufi zisomeke. Na usisahau tarehe."